Tobia Ndani ya Jalada

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kujalidi vitabu, hapa Nchelenge kando ya ziwa, Mkuu wa Karakana hakunipa kisu. Alinipa sufuria. Nilikoroga uji wa unga wa muhogo mpaka ukavuta, maana ndio uliokuwa gundi yetu. Uzi ulikuwa ule wa kushonea nyavu. Jalada gumu tulilifanya kwa karatasi kuukuu, tukizibandika moja juu ya nyingine na kuzikandamiza kwa mawe hadi ziwe kama ubao.

Biblia nyingi zilitoka ng'ambo, Kongo, zimelowa maji ya ziwa. Kabla ya kushona, Mkuu alituhesabisha vitabu vilivyomo ndani ya kila Biblia.

"Bitabu ni makumi sita na sita," alisema. "Bile saba bya Bakatoliki, batu balibiongeza nyuma. Ukibikuta, toa."

Nami, bendera hufuata upepo, nilitoa.

Ndipo Mama Felista, mkimbizi aliyeuza samaki sokoni, akaniletea yake. Niliishona vizuri, nikajisifu. Akaifungua palepale mlangoni, akapekua, akapekua tena.

"Mutoto yangu, kitabu ya Tobia iko wapi?"

"Mama, ile haikuwa Biblia ya kweli. Baliongeza tu."

"Balisomaka Tobia siku ya ndoa yangu. Bwana yangu alikufa mu maji. Ile tu njo ilibakia."

Niliona haya. Karatasi za Tobia nilikuwa nimezibandika ndani ya jalada la Biblia hiyohiyo, na kuzibandua ni kuzichana. Sikumwambia.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Mwansabombwe, kutengeneza vitabu vya parokia. Nilipomsimulia padri mzee maneno ya Mkuu, alitikisa kichwa.

"Hakuna mufalme na baaskofu balikaa siku moja, bachague bitabu. Kanisa hii ilisoma hivi, ile vile, myaka mamia. Bakristu ba kwanza ba Kigiriki balisomaka Tobia. Baprotestanti njo balimutenga nyuma."

Nilirudi Nchelenge mbio. Mama Felista alikuwa amekufa. Biblia alikuwa nayo binti yake, ambaye sasa anahubiri katika kanisa lake mwenyewe. Nikamweleza yote aliyoyasema padri.

"Hapana, baba," akasema. "Tobia baliongeza tu. Mama njo alinifundisha. Yeye aliambiwa na fundi wa bitabu."

Sasa nimestaafu, tundu la sindano silioni tena. Vijana wa karakana, mniulize lolote kuhusu uzi na gundi, hayo tu. Jumapili binti yule hupita mbele ya nyumba yangu, Biblia kwapani, Tobia mzima ndani ya jalada, nami ndimi niliyemzika humo.