Honi ya Mpira Mlimani

Kule Kabambare watu walisema, na mimi niliamini kabisa, kwamba ile honi ya mpira mlangoni mwa kamyo ndiyo inayoipa motere pumzi ya kupanda mlima. Kila shofere aliikamua akianza kupanda, sasa ningebisha nini?

Siku tulipompeleka mke wangu hospitali ya Kasongo, mtoto amekataa kutoka, kamyo ilikwama matopeni katikati ya mlima. Shofere alishuka kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Nikaikamua honi mpaka ndege wa Maniema yote wakahama. Kule nyuma mke wangu akaacha kulia; nikadhani honi imempa pumzi yeye pia, nikazidi kukamua.

Shofere akanishika mkono.

“Ndugu yangu, honi iko ya kuwaambia wanaoshuka watupishe. Haivute gari. Shuka tusukume.”