Chai ya Mkono wa Kushoto

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya likizo, saa kumi na moja jioni, wakati baba mdogo alifika kwetu Kibirichia kutoka Embu na kusema amekuja kumchukua Cucu, nyanya yangu. Kesho baada ya kanisa wangeondoka, akakae naye mtaa wa Majimbo, huko Embu, karibu na hospitali. Tangu apigwe na kiharusi, mkono wa kushoto wa Cucu ulikuwa unalala tu mapajani.

Cucu hakutaka. Alisema Majimbo hata kuku wanafungiwa.

Jirani yetu, yule mama wa kukanda, alikuwa bado anampaka mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto, akivuta kidole kimoja kimoja. Mimi nilishika kopo. Baba mdogo akamuuliza yule mama kama hayo mafuta ndiyo yameshinda dawa za hospitali. Akajibu bila kuinua macho kwamba vidonge vya presha Cucu anameza kila siku, na asipomeza, yeye hakandi. Kazi yake ni kuamsha mkono tu.

"Na umeamka?"

Hospitali walikuwa wamempa Cucu mpira wa kufinya. Aliukataa, akasema mpira ni wa watoto, kwa hivyo kila asubuhi nilimpeleka zizini akafinya titi la ng'ombe. Hayo tulijua sisi wawili. Na mimi hata darasani jina langu likiitwa hujibu kwa kunong'ona.

"Unakamua," nikasema, masikio yakiwaka. "Jana ulitoa maziwa."

Baba mdogo akacheka. "Kumbe huyu huongea."

"Kesho utakunywa chai yangu," Cucu akamwambia, mdomo bado umepinda kidogo. "Halafu ndio useme mambo ya Majimbo."

Usiku niliomba Mungu ng'ombe asipige teke.

Asubuhi baba mdogo alisimama mlangoni mwa zizi na viatu vya kanisa, akiogopa mavi. Cucu akaketi, akaegemeza paji la uso kwa ng'ombe, akafinya kwa mkono wa kushoto. Hakuna kitu. Ng'ombe akageuka kumwangalia. Akafinya tena, na maziwa membamba kama uzi yakagonga sufuria. Tulingoja mpaka jua likatoka, yakafika kikombe kimoja. Yaliyobaki aliyamaliza na mkono wa kulia, haraka, kama mtu ameudhiwa.

Hayo ya kikombe nikayachemshia chai peke yake, nikampelekea baba mdogo. Akanywa yote. Kisha akaniuliza, mimi, yule mama wa kukanda huja siku gani.