Mpango wa Marekani kwenye Sinia la Warak Inab

Binti wa nyumba aliweka kompyuta yake kati ya sinia la mchele na bakuli la majani ya mzabibu, akaniuliza kama najua serikali ya shirikisho ni nini. Nikamwambia najua kidogo. Siku hizo kila kitu changu kilikuwa kidogo. Kiarabu kidogo, uchovu kidogo, njaa kidogo. Ni neno salama, halimfungi mtu popote.

Nyumba ilikuwa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, mtaa ambao mtu anayetembea kwa miguu ni yule tu anayekwenda kutupa takataka. Nilifanya kazi za ndani: kufua, kupiga pasi, kusafisha ghorofa mbili, kumsaidia madam jikoni. Binti alikuwa chuoni akisoma siasa, mwaka wa tatu. Mhadhiri wake aliwapa kazi ya kuhakiki mpango mmoja mnene ulioandikwa na wahafidhina wa Marekani kabla ya uchaguzi. Mpango huo ulimweleza rais wao, akishinda, aipange vipi upya serikali nzima: idara ipi ivunjwe, ofisi ipi iliyozoea kujiamulia iwekwe chini yake, na watumishi gani wa umma waondolewe ulinzi wa kazi ili aweze kuwafukuza akitaka.

Alikuja nayo jikoni kwa sababu chumbani kwake usingizi ulikuwa unamchukua, na sebuleni kulikuwa na wageni wa madam. Alivuta kiti, akachukua jani, akaweka mchele katikati, akakunja. Warak inab inataka mkono mwepesi. Ukijaza sana, jani linapasuka. Ukilegeza, linafunguka kwenye sufuria na mchele wote unaelea. Yake yalikuwa manene kama vidole gumba. Akanionyesha, nikasema, "Safi sana."

Wakati huo nilikuwa nasubiri jibu. Dada yangu mkubwa alikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, akimhudumia bibi kizee, na binti wa huyo bibi aliyeishi jirani alitafuta mfanyakazi. Ningehamia huko, tungekuwa tunaonana kila Ijumaa. Sikuwa nimemwona dada tangu nikiwa kidato cha tatu. Lakini kuhama kafili, yaani mwajiri anayekudhamini nchini, si jambo la kufunga virago. Kafili wako wa sasa lazima akubali, kwenye simu yake, kwa kidole chake. Nilimwomba baba wa nyumba, naye akasema atafikiri. Nilipomweleza dada, akanionya kwa simu nisikosane na yeyote humo ndani, hata paka. Nilimwambia hawana paka. Akasema, "Basi na wewe msomi usianze maswali yako. Ukiulizwa, kubali."

Maswali yangu aliyajua vizuri. Nyumbani niliwahi kumuuliza mchungaji, mbele ya kanisa, kwa nini mbegu ya imani inaoteshwa tu kwenye akaunti yake. Chuoni nilisomea sayansi ya siasa na nikagombana na wahadhiri wawili. Binti alipolipata hilo kwa kunihoji huku akiharibu majani, akaanza kuniita doktora. "Yalla, doktora, niambie. Mpango huu una ubaya gani?"

Hakuwa anadhihaki sana. Alikuwa na akili ya haraka na hoja yake ilikuwa nzuri. Alisema: watu wamemchagua rais, hawakumchagua karani. Rais akitoa amri, karani akiikalia kwa sababu haipendi, ni nani anayetawala hapo? Baba yake ana kampuni, na meneja asiyefuata maagizo anaondoka. Kwa nini serikali iwe tofauti na kampuni?

Sikumjibu siku hiyo. Nilisema nitafikiri, kama baba yake.

Mchana, nyumba ilipolala baada ya chakula, niliusoma mpango wenyewe kwenye simu, kitandani, katika chumba changu kando ya mashine za kufulia. Sikuusoma wote, hakuna anayeusoma wote, hata wanaoupigania sidhani. Kilichonishangaza ni kwamba haukuwa na hasira niliyoitarajia. Ulikuwa na utaratibu. Waliouandika walizijua ofisi hizo vizuri, walijua mlango upi unafunguka kwa ndani. Na nilipofika kwenye watumishi wa umma, na jinsi ya kuandaa mapema watu wenye msimamo mmoja waje kukalia viti vyao, sikuona Marekani tena. Niliona ofisi ya kaunti yetu.

Nilifanya kazi pale mwaka mmoja na kitu, idara ya maji. Niliipata kwa sababu mjomba alimpigia kampeni gavana. Hilo halikuandikwa popote, lakini siku ya kwanza mkuu wa idara aliniuliza, "Wewe ni wa nani?" nami nikajibu bila kusita. Gavana aliposhindwa, tukaitwa kwenye ukumbi, tukaambiwa kuna ukaguzi wa wafanyakazi. Wiki iliyofuata alikuja msichana wa rika langu, naye ana mjomba. Alikuwa na adabu. Nilimwonyesha stepla inakwama wapi na funguo ya kabati inazungushwa vipi. Kisha nikaondoka. Sikulia, wala sikumchukia. Miezi michache baadaye nilikuwa kwenye ofisi ya wakala Nairobi, nikipigwa picha ya pasipoti ya safari ya kuja huku.

Kwa hiyo nilikuwa na pingamizi langu tayari. Ila lilikuwa na tundu. Kabla ya ugatuzi, mama alikuwa akifuata hati ya shamba kwa afisa mmoja ambaye hakuna aliyeweza kumfukuza. Alikuwa na ulinzi wote wa sheria. Alikuwa anakuja saa nne, anatundika koti kitini, anatoweka. Mama alilijua lile koti kuliko alivyomjua mwenyewe. Mpango wa wale Wamarekani uliandikwa kwa ajili ya mtu kama huyo, na kama mama angeulizwa, angeupigia kura kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe sikujua ningefanya nini. Nilikuwa nimefukuzwa na aina moja ya serikali na kuchoshwa na nyingine, na zote mbili zilinifikisha kwenye pasi moja.

Tulipokaa tena mezani, binti akauliza kama nimemaliza kufikiri. Alikuwa amefunga majani kama kumi hivi. Kila alipotoka nilikuwa nayafungua na kuyafunga upya, kwa sababu madam hangeuliza nani aliyafunga, angenigombeza mimi.

Nilimwambia kuhusu koti. Alicheka, akasema huyo afisa ana ndugu wengi Riyadh. Nikamwambia hapo mpango una haki: mtu asiyeguswa analala. Lakini dawa wanayoitoa inaponya ugonjwa mwingine. Kampuni ya baba yake ikikosea, inapata hasara na yeye anaijua. Serikali ikikosea, anayejua ni yule karani wa chini, anayeona maji ya bomba yamebadilika rangi. Huyo lazima aweze kupanda ngazi na kusema.

"Mtu unayeweza kumfukuza muda wowote," nikasema, "hatakuambia maji ni machafu. Atakuambia unachopenda kusikia. Mwisho rais atakuwa na watumishi watiifu kabisa na hatajua chochote."

Aliacha kukunja. Akafuta vidole, akaanza kuandika haraka. Mimi niliendelea na sinia. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi, jinsi mtu anavyojisikia akipata maji ya moto ghafla kwenye bomba.

Ndipo alipoinua kichwa. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Baba anaweza kukurudisha kwenu kesho. Ina maana wewe pia unatuambia tunachopenda kusikia?"

Baba alikuwa ameingia kuchukua birika la gahawa, kwa maana wageni wake walikuwa wamefika na dereva alikuwa nje. Alisimama pale kwenye friji na birika mkononi. Hakusikia Kiingereza chetu vizuri, akamuuliza binti tunacheka nini, ingawa hatukuwa tunacheka. Binti akamweleza kwa Kiarabu, kwa urefu, akinionyesha kwa kidole chenye mafuta. Baba akanigeukia, akiwa na uso wa mtu anayesubiri mzaha uishe ili acheke.

Nilifikiria kidole chake kwenye simu. Nilifikiria Ijumaa. Sikuhofu, ningependa kusema nilihofu, ingekuwa na maana zaidi. Ilikuwa kama kujibu ukiulizwa jina.

"Hapana," nikasema. "Hii nyumba ni tofauti. Hapa nasema ukweli."

"Wallahi?" akauliza baba.

"Wallahi, baba."

Alicheka, akafurahi kweli, akaondoka na birika lake. Nilimsikia kwenye majilisi, sebule ya wanaume, akiwasimulia wageni. Binti alinitazama kidogo, kisha akainama akaandika.

Insha ilipokamilika alinisomea jikoni, amesimama, kama anahutubia. Koti la afisa lilikuwemo. Maji ya bomba yalikuwemo. Halafu ikaja aya niliyokuwa siijui. Aliandika kwamba hoja ya watumishi kuogopa kusema ukweli ina nguvu, lakini haitoshi. Kwao kuna mfanyakazi anayeweza kuachishwa wakati wowote, na amekiri, bila shinikizo, kwamba anasema ukweli kwa uhuru. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye mamlaka ya kufukuza, liko kwenye tabia ya mwenye mamlaka. Mpango ule, akahitimisha, utategemea nani ameushika.

Akauliza naonaje. Nikasema ni nzuri sana, na kusema kweli aya hiyo ilikuwa imepangwa vizuri. Mhadhiri aliisifu kuliko nyingine zote, kwa kuwa alitumia ushahidi wa maisha halisi. Ushahidi huo ulikuwa unapiga pasi kanzu aliponiletea habari.

Baba alikubali uhamisho wiki ileile. Sijui kama ilikuwa kwa sababu ya jibu langu au alikuwa ameamua zamani. Aliniita sebuleni, akanionyesha simu, akabonyeza mbele yangu. "Halas," akasema, yaani imekwisha. Madam alikasirika kidogo kwa sababu alikuwa hajapata mwingine, kisha akanipa mkoba wake wa zamani.

Asubuhi ya kuondoka, binti alinifuata mlangoni akiwa amevaa soksi tu. Dereva, Mkenya mwenzangu, alikuwa anapakia sanduku.

"Sasa wewe si wetu tena," akasema. "Nijibu sasa, doktora. Lile swali."

Uhamisho ulikuwa umekubaliwa upande mmoja tu. Kafili mpya alikuwa bado hajamaliza wake, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa bado inasoma jina la baba. Lakini sidhani kama nilipiga hesabu hiyo. Jibu lilikuwa limeshakaa mdomoni, kama lilikuwa linaishi humo.

"Nilikujibu," nikasema. "Ni vilevile."

Aliitikia kwa kichwa. Nilipanda gari. Dereva akaniuliza tulikuwa tunaongea nini, nikamwambia siasa za Marekani, akasema mimi na huyo msichana sote tunahitaji maombi.

Jeddah kuna unyevu. Nguo hazikauki na chumvi inashikana kwenye mkebe. Ijumaa ya kwanza dada alinipeleka Sharafiya, kwenye mkahawa wa bei nafuu ulio juu ya maduka ya simu, tukala wali na kuku tukitazamana. Alikuwa amenenepa, ameanza mvi. Nilimsimulia yote. Nilitarajia acheke pale kwenye wallahi. Alikuwa anatafuna.

"Kwani walikupiga?"

"Hapana."

"Walikunyima chakula?"

"Hapana."

"Basi hukudanganya. Msomi, wewe unatafuta shida mahali watu wanatafuta kazi." Akanisogezea kipaja cha kuku. "Na hiyo serikali ya Wamarekani wewe inakuhusu nini?"

Nilijaribu kumweleza. Nikaona naeleza kitu anachokijua kuliko mimi, nikala kuku.

Ikama ilipotoka na jina jipya, nilikaa nayo mkononi jikoni kwa madam mpya. Riyadh hawakuwa na chochote cha kunifanya tena. Nikamwandikia binti ujumbe. Nilitaka kuandika kuhusu ile aya, kwamba ushahidi wake haukuwa ushahidi, kwamba swali lilitoka mdomoni mwa mtu ambaye baba yake amesimama kwenye friji. Niliandika, nikafuta. Nilichotuma kilikuwa hiki: majani yote uliyofunga yalikuwa yanafunguka. Nilikuwa nayafunga upya ukitoka.

Jibu halikuchelewa.

"Yote?"

"Yote."

Niliona anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha ikaja: "Insha nilishaipeleka."

Madam mpya aliniita. Ni mama wa makamo, mpole, anapenda kupika mwenyewe siku za wageni. Alikuwa amechota mchuzi kwenye kijiko, ameweka mkono chini usidondoke, akanisogezea mdomoni nionje. Chumvi ilikuwa imezidi sana. Alikuwa ananitazama machoni, akisubiri.

Nikamwambia ni mtamu.