Mchumba Wangu Alifuta Kazi Yangu, Maziwa ya Mama Yakaharibika

Admin, nifiche jina tafadhali, maana huyu mtu anafuata hii page na natumai anasoma huku jasho likimtoka.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, naandika programu za kompyuta hapa Eldoret. Mchumba wangu, nitamwita Denis, ndiye pia bosi wangu. Tulipewa kazi na ushirika mmoja wa maziwa. Kompyuta za ofisi yao ya mjini ni mpya, zinatumia toleo jipya la lugha ya programu. Ile ya kituo chao cha kupokea maziwa kule Soy ni kuukuu, haiwezi kubeba toleo hilo. Ukiandika kwa toleo moja, lile lingine linagoma. Niliumiza kichwa mpaka nikaandika programu inayoangalia kwanza iko kwenye toleo gani, halafu inafanya kazi kulingana na hapo. Ikakubali kote. Denis akaipeleka kwa kamati ya ushirika na kusema ni yake. Nikanyamaza, si ni mume wangu mtarajiwa?

Juzi akaamua kuisafisha. Akafuta mistari yote ya toleo la zamani.

"Hii ni takataka, babe. Nani bado anatumia vitu za kitambo hivi?"

"Soy wanatumia," nikamwambia.

"Basi Soy wa-upgrade."

Akaituma kote hivyo hivyo. Asubuhi iliyofuata kompyuta ya Soy ikagoma, na bila hiyo karani haruhusiwi kupokea maziwa. Watu wakasimama juani na mitungi yao mpaka maziwa yakaharibika. Mama yangu, ambaye huuza maziwa hapo, alikuwa kwenye foleni hiyo. Karani akampigia Denis, akaweka spika, na mama akamsikia vizuri kabisa: "Ni yule msichana wangu wa ofisi. Anapenda kuweka vitu za zamani, ameharibu system."

Msichana wa ofisi! Mimi, ambaye Jumamosi wazee wa kina Denis wanakuja kwetu kwa koito kukubaliana ndoa!

Mama alinipigia, hata hakunisalimia. "Ni wewe umefanya tumwage maziwa?" Nilikata simu nikilia.

Sasa Denis, bila haya, anataka nimrudishie ile mistari kimya kimya, kwa sababu nakala imebaki kwangu tu, ili aseme ameitengeneza yeye. Nikikataa, hakuna koito. Nikichelewa, mama na majirani wanamwaga tena. Namchukia jamani, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nguo ya koito nimeshashonesha.

Msiniambie nivumilie. Wa kunihubiria uvumilivu apeleke maziwa yake kwa Denis kwanza.

Nishaurini: nimtumie kimya kimya niolewe, au niende Soy mwenyewe, niiweke programu kamati ikiangalia, nimwonyeshe mama ni nani alimwaga maziwa yake?