Kosa la Thelathini na Moja

Kinyozi wa Mtaa wa Locust hubishana kwa mkasi. Ukisema jambo la maana kuhusu besiboli, mkasi unaendelea. Ukisema upuuzi, unasimama hewani karibu na sikio lako mpaka ujirekebishe. Januari hii mteja wake Verlyn ametoka kinyozini mle mara mbili na kichwa kilichonyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Wakati wa kiangazi kinyozi huyo mzee ndiye mwandishi rasmi wa uwanja mdogo wa mji: mpira ukimpita mlinzi, ni yeye anayeandika kama ni pigo safi au kosa. Penseli yake haishuki sikioni hata theluji ikianguka.

Jumamosi Verlyn aliketi kitini, akaanza. “Yule dogo anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu wambadilishe tu na timu nyingine, tupate mrushaji. Makosa thelathini na moja msimu uliopita! Hata bibi yangu na nyonga yake ya chuma…” Odell, aliyekuwa akingoja zamu yake, akadakia kutoka kwenye benchi: “Bibi yako angefikia mpira gani? Dogo anaikimbilia mipira ambayo wenzake wanaipungia mkono.” “Karatasi haidanganyi, kaka,” Verlyn akajibu. “Thelathini na moja.” Mkasi ukasimama. Verlyn akangoja kutukanwa, lakini kwenye kioo akaona kinyozi akiigusa penseli. “Thelathini,” mzee akasema. “Siku moja Agosti jua lilinipiga machoni. Mpira sikuuona. Nikaona dogo kaanguka, nikaandika kosa.” “Si ungefuta, mzee?” “Unapewa siku moja ya kufuta. Mimi ilinichukua wiki kukubali kwamba sikuuona.” “Basi thelathini,” Verlyn akakiambia kioo. “Labda tumpe mwaka mmoja zaidi.” Mkasi ukaanza kukata.