Gari la Kukaa Nyuma

Baba yangu alikuwa dereva. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu kwa miaka mingi lilinishinda kulisema, na hata sasa nikilisema nasikia uso unanichoma. Siuonei haya udereva, hapana. Naona haya kwa niliyoyafanya ili watu wa mjini Kyela wasijue.

Alimwendesha bwana mkubwa mmoja wa serikali huko Mbeya, mpaka akastaafu na kurudi kwetu Ngonga kulima mpunga. Gari lenyewe lilikuwa lile saluni refu la Kijapani, la wakubwa, na baba alilijua toleo kwa toleo. Ukimsalimia tu, "Ugonile, tata," umeyataka mwenyewe! Kabla hujakaa ameshaanza. La kwanza aliloendesha lilikuwa na taa za mraba na gia pembeni mwa usukani. Lililofuata likaja na pazia nyeupe kwenye madirisha ya nyuma, na kitufe begani mwa kiti cha mbele kushoto, ili mkubwa aliyekaa nyuma akisogeze kile kiti mwenyewe na kunyoosha miguu. "Waliolitengeneza walijua kwamba mwenye gari hashiki usukani," alikuwa akisema, na hapo anakuonyesha kwa kidole hewani kitufe kilipokuwa.

Kule Ujapani, kwa maelezo yake, lilinunuliwa na makampuni na serikali, na mtu wa kawaida alilitazama tu likipita. Halafu wakubwa wale wakazeeka, wakaja wenye hela wanaotaka kuendesha wenyewe, ndipo kiwanda kikaanza kulitia injini yenye hasira na taa kali, na pazia zikaachwa. Yakichoka kidogo huko yanapakiwa melini, yanashushwa Dar es Salaam. Ndiyo maana leo gari la waziri analo muuza simu, na mengine yanabananisha abiria kiti cha nyuma kwenda Mbeya. Baba alisema hayo kwa masikitiko, lakini ya mtu anayefurahi kwamba anajua.

Mimi nilinunua langu kakao iliponikubali. Mtu mwenye akili zake, katika Kyela hii ya matope, ananunua pikapu. Mimi nikanunua gari linaloparuza tumbo kwenye kila tuta, tena nikatafuta toleo la zamani lenye pazia, kwa kuwa nilitaka la wakubwa. Kichwa kikavimba. Nilikuwa nagombea uenyekiti wa chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kakao, na asubuhi moja tukinywa kahawa kwenye baraza ya duka la mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye duka akaniuliza mapenzi ya gari hili nimeyatoa wapi. Ningesema nimeyatoa kwa baba, alikuwa dereva, yangeishia hapo. Nikasema, "Baba alikuwa akilipanda enzi zake, serikalini."

"Ala! Kumbe wewe mtoto wa bosi!" akasema mwenye duka.

Nikacheka kidogo, nikanywa kahawa yangu. Haikupita muda, nusu ya mji ikawa inaniita mtoto wa bosi, na nilipoitwa hivyo niliitika. Kijijini kwetu walijua ukweli, lakini wapiga kura wengi walitoka kata nyingine, na mimi nilijiambia kwamba uchaguzi ukipita jambo hili litajifia lenyewe.

Sasa, baba alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba dawa inachelewesha tu, haiponyi. Siku moja nilipokwenda kumsalimia alikuwa amekaa kwenye kigoda, akasema, "Mwanangu, macho haya yanakwisha. Kabla hayajazima, nipeleke nalo kanisani siku ya shukrani ya mavuno. Usukani sikuombi. Nikae tu, nilisikie linavyokwenda."

Hakuwa ameniomba kitu tangu niwe mtu mzima. Lakini ibada ile ilikuwa kanisa la Ipyana, karibu na mjini, na nilikuwa nimewaalika wanachama kula baada yake, na mwenye duka naye, ingawa ni Mwislamu, alikuwa amesema atakuja kwa ajili ya chakula na kampeni. Nikamwona baba anavyoshuka garini mbele ya wote, anafungua boneti, anaanza kuwahutubia habari za plagi na jinsi alivyokuwa akimfungulia mlango bwana mkubwa. Angefanya hivyo, wallahi, tena kwa furaha.

Nikasema, "Tata, siku hiyo mama watoto atakuwa ndani ya gari."

Asiye wa kwetu aelewe. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawakai pamoja, na wakikutana njiani mmoja anajitenga kando. Siku hizi wengi wameiacha desturi hii, na vijana wanaicheka. Baba hakuiacha. Miaka yote ya ndoa yangu alizungumza na mke wangu kupitia ukuta au kupitia wajukuu, na mke wangu alimpenda kwa hilo, maana alijua ni heshima. Kupanda naye gari moja kusingewezekana hata kidogo. Na mimi nilijua vizuri kwamba siku hiyo mke wangu atasafiri na kwaya kwenye pikapu ya kanisa, kwa kuwa yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo.

Baba akajipiga paji la uso. "Uzee huu!" akasema. "Ndaga, mwanangu, umenikumbusha. Mwache mkamwana wangu apande kwa raha zake. Mimi nitatembea mapema, bodaboda siziamini."

Akanishukuru, jamani. Nilimdanganya kwa desturi yake mwenyewe, naye akanishukuru.

Siku yenyewe niliondoka Ngonga peke yangu, pazia za nyuma nimezifunga. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imetota, mpunga huku na huku. Nikamwona mbele yangu, koti lake la kanisani, kofia na fimbo. Alilisikia gari kabla hajageuka, maana sauti ya injini ile aliijua kuliko sauti yangu. Nilidhani atasogea pembeni tu. Hakusogea pembeni. Alishuka bondeni kabisa, ndani ya jaruba, na viatu vyake alivyovipaka rangi, akavua kofia, akasimama kwenye matope ameipa barabara mgongo, ili mkamwana wake apite asione haya.

Nilipunguza mwendo. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki, nasema kweli, na kilichobaki kilikuwa kukanyaga tu. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na koti langu limetundikwa, basi, hakuna mtu. Nikamfikiria mwenye duka amesimama mlangoni mwa kanisa. Nikapita. Nilipita polepole nisimrushie maji, na moyoni nikajisifu kwamba nimemhurumia. Huruma gani ile! Mpaka leo nikikumbuka kwamba nilijisifu, natamani kujizaba kofi.

Nilifika, nikasalimia watu, nikashika mikono. Baadaye pikapu ya kwaya ikaingia uwanjani inaimba. Mke wangu akashuka na joho lake, akanivuta kando kwa mkono wa shati.

"Gari lako lina ubovu gani leo?" akauliza.

"Halina."

"Tumempita baba njiani, ana matope mpaka magotini! Mimi nilikuwa naanzisha wimbo, nikamwona anageuka kutazama pikapu, halafu akashuka tena mashambani. Kwa nini hukumchukua?"

Baba aliijua sauti ya mke wangu. Jioni ngapi ameisikia kupitia ukuta? Kwa hiyo alijua. Pale pale njiani, akiwa amenipisha mimi kwanza na mke wa mwanawe baadaye, alijua kwamba lile gari lilikuwa tupu.

Aliingia kanisani wakati wa sadaka, akakaa nyuma. Baada ya ibada tukaketi kula, wali na samaki mbasa, na mwenye duka akaonyeshwa baba, akaenda moja kwa moja mpaka alipokaa. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo na sahani mkononi. Nilisikia kila neno.

"Shikamoo mzee. Kumbe bosi wetu ndiye wewe! Mwanao ametusimulia ulivyokuwa ukiendeshwa na serikali."

Baba aliinua uso, akanitafuta. Sijui aliniona kiasi gani kwa macho yale. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mdomo nilikuwa nao, ila ulikuwa umejaa wali. Ndipo baba akasema, taratibu, "Marahaba. Ndiyo, bwana. Nilikuwa na dereva mzuri sana. Hakuwahi kunichelewesha hata siku moja."

Watu wakacheka kwa heshima. Mwenye duka akamletea maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye, uchaguzi nilishinda.

Jioni ya siku ile ya shukrani nilimrudisha nyumbani kwa gari, mke wangu akiwa amerudi na kwaya. Nikampa ufunguo, nikamwambia, "Tata, endesha." Akakataa kwa kichwa. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Si umepita? Basi. Uwaongoze vizuri watu wa watu." Alikaa nyuma njia nzima, na matope yamemkaukia miguuni.

Macho yamezima sasa. Tumehamia mjini, naye anaishi kwangu, na mke wangu amemtengea chumba chenye mlango wake wa nje ili wasigongane. Wanachama wakija wanamwita bosi, naye anaitika. Nilidhani nimemwongopea siku moja tu. Sikujua kwamba atalazimika kuubeba uongo wangu kila mgeni anapobisha hodi, maana bosi hawezi kujua gia ya pembeni mwa usukani inavyokwama, wala namna ya kuwasha injini baridi ya Mbeya alfajiri. Yale masimulizi yake yote, toleo kwa toleo, ameyaacha. Mwanzoni nilifikiri ni huzuni ya upofu.

Juzi mwanachama mmoja, naye kanunua gari kama langu, alikuja nalo likigonga. Akaliacha linanguruma uani. Baba alikuwa amekaa kibarazani. Nilimwona anainamisha sikio, vidole vyake vinahesabu mapigo gotini, kisha midomo ikafunguka, kabisa, kama mtu aliyeshapata jibu.

"Mzee, unalisikia?" yule bwana akamwuliza. "Wewe umekaa nayo sana haya magari. Litakuwa na nini?"

Baba akakunja vidole. "Mambo ya injini siyajui, bwana," akasema. "Mimi nilikuwa nakaa nyuma."