Mwalimu wa Simu na Mlango Alioufunga

Mwalimu wa simu amefariki. Habari ilinikuta sokoni nimemfungua mbuzi mdomo nikitazama meno, nikamwachilia bila kujua kama ni mzee au mchanga. Wengi wenu hapa Garissa mlimjua: yule kijana aliyetoka ng'ambo ya daraja, kule ambako sisi hadi leo tunakuita Kenya kana kwamba tuko nje yake. Aliletwa kufundisha hesabu, na jioni akafungua darasa la bure mtaani Iftin, nyuma ya duka moja, kufundisha vijana kutengeneza programu za simu. Aliugua, akapelekwa kwao, akazikwa huko. Tangu hapo sijatulia, na leo mtanivumilia.

Mimi shule niliiacha mapema na sioni haya kulisema. Biashara yangu nimeijenga kwa macho na mdomo. Nilikwenda kumwona mara ya kwanza nikiwa na dharau zangu. Akanieleza kwamba kazi yake haisomwi mara moja ikaisha, maana wanaotengeneza simu hubadilisha mambo kila mara, na kilichokubali mwaka jana hukataa mwaka huu. Masomo yamejaa mtandaoni, tena ya bure, lakini ni Kiingereza kirefu, na video zake zinakula bando. Basi yeye akatazama jinsi wafugaji wetu wanavyokutana njiani: hakuna anayepita bila kutoa habari, mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka. Kila Ijumaa baada ya swala, na yeye ni Mkristo, aliwatumia wanafunzi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili: nini kimebadilika, nini kimeachwa, somo gani jipya limetoka na waanzie wapi. "Mzee, hii ni warran yenu tu," aliniambia, kwa neno letu la kuulizana habari. "Nimetoa ngamia, nimeweka simu."

Walipotengeneza programu ya kukutanisha wauzaji wa mifugo wa Hadado na Griftu, kule mbali kaskazini, na wanunuzi wa huku, nilimpeleka mwenyewe soko la Griftu. Ukurasa wa kwanza kabisa ulimtaka mtu aandike ana ngamia wangapi. Mfugaji mmoja akairudisha simu kama imemchoma.

"Maalim, wewe nataka hesabu ya ngamia yangu ya nini?"

"Ili mnunuzi ajue, mzee."

"Mnunuzi nitamwonyesha hii moja nauza. Hizo zingine Mungu anajua. Hata mama yangu hajaniuliza hiyo maneno."

Soko zima likacheka. Kwetu hakuna anayehesabu mifugo ya mtu hadharani; ni kuita kijicho. Nikamwambia, "Umebisha hodi kwa kumtukana mwenye nyumba." Hakununa. Aliketi kwenye kivuli cha lori, akafungua kompyuta yake, akaanza kuliondoa swali lile huku chai yake ikipoa. Likabaki swali moja: leo unauza nini? Tangu hapo watu wa Hadado hawapakii mnyama kwenye lori kabla ya kujua nani anamngoja.

Sasa sikilizeni kinachoninyima utulivu. Nilipokwenda Iftin kuwapa pole wanafunzi wake, binti anayewaongoza wenzake alinivuta kando. "Adeer," akaniita, kama mabinti zetu wanavyomwita mzee wa rika la baba yao, "sheria za wanaotengeneza simu zimebadilika tena. Programu yetu isiposasishwa, simu mpya hazitaiona. Na neno la siri la kuisasisha alikuwa nalo mwalimu peke yake."

"Hamkumwomba?"

"Tulimwomba. Alikuwa anasema, nyinyi someni, hilo niachieni mimi."

Nilimkasirikia maiti, Mungu anisamehe. Mtu aliyegawa kila habari alibaki na ufunguo mfukoni. Lakini hakuwa peke yake. Nimeona mashine ya kisima ikinyamaza kwa sababu fundi mmoja amekufa, na ng'ombe wakilamba birika kavu. Nimeona duka likifungwa kwa sababu baba hakumwonyesha mtoto anakonunua bidhaa. Tunafundisha kila kitu isipokuwa kile kinachotufanya tuhitajike.

Kijana mmoja akasema, "Tungoje mtu wa Nairobi."

"Wa nini?" binti akamkata. "Masomo yote ya mwalimu tunayo kwenye simu. Wewe ngoja, sisi tunaandika."

Wanaitengeneza upya, kwa jina la kikundi, na neno la siri litajulikana na zaidi ya mtu mmoja. Lakini kila mfugaji atalazimika kuiweka mpya kwenye simu yake, na mfugaji aliyechezewa mara moja hafungui tena. Kwa hiyo siku ya soko naenda Griftu.

"Utawaambia nini, adeer?" binti aliniuliza.

"Nitawapa habari. Mwalimu amekufa, programu yake inakufa, hii ndiyo mpya, na bado haiulizi ngamia wa mtu."

Ijumaa iliyopita ujumbe wa sauti ulikuja kama kawaida, safari hii kwa sauti ya binti. Alikwama, akarudia, akaendelea. Mwishoni akawataja wenzake watakaosoma zamu zinazofuata. Hilo mwalimu hakulifanya, na ndilo ninalowaambia nyinyi wenye maduka, visima na ofisi: mtajeni atakayefuata mkiwa bado mnapumua, na ufunguo mpeni leo.